Munyoo asiye na jina hatasaidia shamba

Mukulima wa Kabare ao wa Walungu akiona viwavi katika mihindi yake, anakimbia sokoni kununua dawa. Mara ingine chupa haina hata karatasi ya kueleza namna ya kuitumia. Franka zinaenda, kiwavi anabaki.

Kumbe katika udongo munaweza kuwa askari mwingine: munyoo mudogo sana, hafiki hata milimita mbili wakati anatafuta windo. Anaingia katika mwili wa mududu, anaachilia bakteria zake, na kwa siku mbili hivi mududu amekufa. Hagusi mizizi. Kiwavi anayekaa juu ya jani anaweza kumuponyoka, kwani jua linakausha munyoo; lakini yule anayeshuka kujificha udongoni, huyo ni chakula chake.

Kumukamata si kazi ngumu. Wanaweka udongo katika kopo pamoja na viwavi vya nondo anayeharibu mizinga ya nyuki, halafu wanangoja. Kazi ngumu ni kumupatia jina. Aina nyingi zinafanana kama mapacha. Inafaa kupima mwili na mukia, kuangalia viungo vya dume kwa mikroskopi, kusoma ADN, na kujaribu kama anazaa na jamaa zake.

Jina linasaidia nini? Kuna aina inayovizia mududu juu ya udongo, kuna ingine inayomufuata chini. Kuna ya baridi, kuna ya joto. Kumwaga minyoo bila kujua aina ni kama kunywa dawa bila kujua ugonjwa.

Jirani zetu wa Rwanda walichimba udongo wao. Mwaka 2022, munyoo mumoja wa kwao aliandikwa mbele ya dunia yote: Steinernema africanum. Kutoka kwao mpaka kwetu, ni Ziwa Kivu na Ruzizi tu.

Sisi tunasema: INERA Mulungu na vyuo vikuu vyetu wapewe njia ya kufanya kazi hii, shamba kwa shamba, mulima kwa mulima. Hatuombi majumba makubwa. Tunaomba makopo, mikroskopi, nauli ya wanafunzi, na mushahara unaofika. La sivyo, kesho tutauziwa katika chupa askari aliyekuwa analala chini ya miguu yetu.