Mhimili wa nne: Mara tutangulize kazi, mashine ifuate

MASHINE ndogo za CNC, yaani zile za kuchonga mbao, plastiki na metali laini kwa kuongozwa na kompyuta, siku hizi zinapatikana kwa bei ambayo watu watano au sita wakichanga wanaweza kuifikia. Muuzaji akishaona nia ya mnunuzi huongeza jambo la pili: mhimili wa nne. Kwa mwekezaji mdogo wa Musoma, Bunda au Butiama, hapo ndipo fedha zinapookolewa au kupotea, na ndiyo maana ukurasa huu unalizungumzia suala hili.

Tuanze na maana yake. Mashine ya kawaida ina mihimili mitatu: kisu kinakwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mhimili wa nne ni kishikio kinachozungushwa na mota, kilichofungwa juu ya meza ya mashine. Kipande cha duara kinabanwa humo, ncha ya pili ikishikiliwa na egemeo, na kompyuta inakizungusha kwa nyuzi inazotaka. Hivyo kinachongwa pande zote bila fundi kukifungua na kukifunga upya. Kila kufungua na kufunga ni nafasi ya kukosea.

Matumizi yake ni mawili, na tofauti yake ni ya fedha. La kwanza ni kugawa: kipande kinazunguka, kinasimama, kisu kinachonga, kisha kinazunguka tena. Gia ya meno 24 inapatikana kwa kuzungusha nyuzi 15 mara 24. La pili ni kuchonga huku kipande kikiendelea kuzunguka, kama kwa mfuo uliopinda mithili ya skrubu au nakshi inayouzunguka mguu wa meza.

Kugawa si jambo geni. Katika karakana za zamani hufanywa kwa kichwa cha kugawia cha mkono, ambacho kwa kawaida mizunguko 40 ya mpini huzungusha kipande mara moja. Kila mzunguko wa mpini ni nyuzi 9. Na mashine iliyoleta kazi ya mifuo ya kupinda ilizaliwa na oda, si na mapambo. Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, Joseph R. Brown wa kampuni ya Brown & Sharpe alitengeneza mashine ya kuchonga mifuo ya keekee za chuma, ambayo mafundi walikuwa wakiichonga kwa tupa mkononi. Kazi ilitangulia, mashine ikafuata.

Je, Mara kuna kazi gani? Hapa ndipo wengi watakapoumia. Soko linaloonekana haraka ni la wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Buhemba wilayani Butiama, ambao makarasha yao hula shafti na beringi. Lakini shafti ya karasha ni chuma kigumu na kinene. Mashine ndogo haina uzito wala uimara wa kukichonga. Kisu kitatetemeka, kitavunjika, na kipande kitaharibika. Anayetaka soko hilo anunue mashine ya kukereza iliyo nzito, hata iliyokwishatumika, na aachane na mhimili wa nne kwa sasa.

Kazi inayoiweza mashine ndogo iko kwingine. Chukua mashine ya kupandia inayokokotwa na ng'ombe. Ndani yake kuna rola yenye vishimo vinavyopima mbegu. Ikiwa gurudumu la mashine lina mzingo wa sentimeta 120, rola inazunguka pamoja nalo, na mkulima anataka nafasi ya sentimeta 30 kati ya shimo na shimo, rola inahitaji vishimo 4, kila kimoja nyuzi 90 kutoka kwa mwenzake. Akitaka sentimeta 20, vishimo ni 6, kila nyuzi 60. Mbegu ya pamba si sawa na ya mahindi au alizeti, hivyo kila zao lina rola yake. Malighafi ni nailoni, ambayo mashine ndogo inaichonga bila shida. Kwa Bunda, wilaya ya pamba, na Butiama ambako jembe la ng'ombe ni zana ya kila siku, hiyo ni bidhaa ambayo mwenye duka la pembejeo anaweza kuiweka rafuni.

Kazi ya pili ni vielelezo vya mbao kwa ajili ya kusubu alumini: puli, mapanga ya pampu za maji, vifuniko. Mashine inachonga kielelezo kimoja kwa vipimo sahihi, na msubuji anatoa vipande hamsini kutoka kwenye mchanga. Ya tatu ni gia ndogo za nailoni au shaba nyeupe za mashine ambazo vipuri vyake havipatikani tena, na ambazo mwenye nazo huzifuata Mwanza, karibu kilomita 220 kutoka Musoma.

Msomaji ataona kwamba karibu kazi zote hizo ni za kugawa. Hilo linagusa bei ya programu. Programu ya kuchora njia za kisu, maarufu kama CAM, kwa kazi ya kugawa inaweza kuwa ile ile ya mihimili mitatu. Fundi anaongeza mstari mmoja wa amri ya kuzungusha kati ya kazi na kazi. Kuchonga kwa mfululizo ndiko kunakodai programu ya gharama. Tena anayetegemea cha bure ajihadhari: Oktoba 2020 kampuni ya Autodesk iliondoa njia za mhimili wa nne katika leseni ya bure ya Fusion 360, na leseni hiyo ni ya matumizi binafsi, si ya karakana ya biashara.

Kabla ya kulipa, pima ulegevu wa kishikio. Kikilegea nyuzi 0.1 tu, kwenye kipande chenye nusu kipenyo cha milimeta 50 kosa ni karibu milimeta 0.09. Kwa rola ya mbegu hilo si kitu. Kwa gia ni kelele na kuchakaa mapema. Aidha, mashine nyingi za bei nafuu umeme ukikatika husahau kipande kilikuwa kwenye nyuzi ngapi. Betri ya akiba ihesabiwe ndani ya mtaji.

Sasa hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei zake. Tuseme mashine, mhimili wa nne, kompyuta na betri vimefika Musoma kwa shilingi milioni 12. Kwa miaka minne ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Ongeza fundi 500,000, pango na umeme 200,000, visu na matengenezo 150,000. Jumla ni 1,100,000, yaani shilingi 50,000 kwa kila siku ya kazi, kwa siku 22. Ukiuza saa nne kwa siku, kila saa inapaswa kuleta 12,500, na rola ya nusu saa inabeba 6,250 kabla ya bei ya nailoni na faida yako. Ukiuza saa moja tu, rola hiyo hiyo inabeba 25,000, na mteja ataendelea na safari ya Mwanza. Kinachoamua faida ni saa zinazouzwa, si idadi ya mihimili.

Vikundi vya vijana vitavutwa na mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya 10% ya mapato ya ndani iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, ambayo 4% ni ya vijana, 4% ya wanawake na 2% ya watu wenye ulemavu. Mkopo usio na riba bado ni deni, na mashine iliyokaa bila kazi hailipi marejesho.

Ushauri wa ukurasa huu ni huu. Kwanza, tafuta oda tatu zinazojirudia, kwa maandishi. Pili, ulizia SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 na lenye ofisi mkoani Mara, pamoja na VETA, kama unaweza kutengeneza sampuli kwa mashine zilizopo na kichwa cha kugawia cha mkono. Tatu, sampuli zikinunuliwa, nunua mashine ya mihimili mitatu iliyo imara kuliko yenye mapambo, ambayo inakubali mhimili wa nne baadaye. Nne, fedha iliyobaki msomeshe fundi kuchora. Mchoro wa rola ukishatunzwa kwenye kompyuta, oda ya pili haihitaji kuchorwa upya, na hapo ndipo mtaji unapoanza kurudi.