Somo Lisilo na Mtihani

Msomaji, wako wasemao ya kwamba stadi za maisha ni somo la kigeni. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzifundisha shuleni mwaka 1993. Lakini Mwana Kupona wa Pate alikuwa akifanya nini mwaka 1858, alipomtungia binti yake utenzi wa adabu, kauli njema na kukaa na watu? Na makungwi je, nao walitumwa kutoka Geneva? Lililo geni ni kudhani kuwa lisilotahiniwa halifai. Kipindi chake kifikapo, wewe hufungua hesabu chini ya dawati, na mwalimu, aibu iliyoje, hukunyamazia. Basi rafiki atakapokuvuta kwenye bangi, utamjibu kwa kanuni ya Pythagoras?