Lubumbashi–Kalemie kwa njia ya Zambia: siku ya boti iulizwe kwanza

LUBUMBASHI – Kwa ramani, mkaaji wa Lubumbashi anayekwenda Kalemie hana haja ya paspoti. Barabara ya kitaifa namba 5 inatoka hapa, inapita Kasomeno na Pweto, inapanda upande wa Marungu na kushuka hadi kando ya ziwa Tanganyika. Hiyo ni ramani. Mvua ikianza mwezi wa Novemba, malori yanalala katika matope, na abiria wanaokaa juu ya mizigo wanalala nayo. Njia ya reli ya kupitia Kamina na Kabalo ipo, lakini ni nani atakayeahidi siku ya treni? Ndege ipo pia, kwa mwenye dola za kulipia kila kichwa cha familia.

Ndiyo maana katika komine za Ruashi, Kampemba, Katuba na Annexe watu wanazungumza juu ya safari ya kuzunguka: kutoka nchi, kupita Zambia hadi bandari ya Mpulungu, kisha kupanda boti na kurudi Kongo kwa maji, Moba au Kalemie. Wengine wanaenda mbali zaidi: Nakonde na Tunduma, Sumbawanga, Mpanda mpaka Kigoma, ndipo wanavuka ziwa. Wanaouliza njia hiyo si watalii. Ni familia zilizotoka Tanganyika wakati wa mapigano ya Waluba na Watwa yaliyozidi kuwa makali 2016, na wengine waliokimbia baada ya Goma na Bukavu kutekwa Januari na Februari 2025, ambao wana ndugu upande wa Kalemie. Mmoja anataka kurudi, mwingine anataka kumfuata mama mzee aliyebaki. Kama mahali pa kwenda pana usalama, hilo wanalijua ndugu walio huko kuliko mtu yeyote wa Lubumbashi, na waulizwe kabla ya kuuza hata sufuria moja.

Kosa kubwa la safari hii linafanyika hapa hapa mjini: familia inaanza na basi. Makuta yakipatikana, tikiti ya kuelekea Kasumbalesa na Kitwe inanunuliwa, watoto wanaagwa, na habari ya boti inaachwa kwa Mungu. Lakini basi linapatikana karibu kila siku. Boti haipatikani hivyo. Mpulungu ni bandari ya mizigo kwanza. Saruji na sukari ndivyo vinavyoamua siku ya kuondoka, na abiria wanangoja. Familia ya watu sita ikingoja siku nane bandarini, kwa kwacha, inakula pesa ya nauli. Hapo inapanda chombo chochote kinachokubali kuichukua, hata kilichokwisha kujaa. Hatari yote ya safari hii iko hapo.

Kwa hiyo hesabu ianzie majini na kurudi nyuma. Ndugu aliye Kalemie au Moba aende bandarini kwao, aulize kwa nahodha au mwenye chombo, si kwa vijana wanaotafuta abiria, ni boti gani inakwenda Mpulungu au Kigoma na inarudi lini. Tarehe ikijulikana, zihesabiwe siku za barabara, ziongezwe mbili au tatu za mpaka, na hapo ndipo basi linunuliwe. Zile siku za ziada zina sababu. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache kwa ajili ya mzozo wa vinywaji vinavyoingia Kongo. Hakuna msafiri aliyeulizwa.

Wazee watataja Liemba. Meli hiyo ya Kigoma ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikainuliwa na Waingereza 1924, na tangu 1927 ilibeba vizazi vya watu kati ya Kigoma na Mpulungu. Lakini miaka ya karibuni imekaa muda mrefu nje ya kazi ikingoja matengenezo. Safari isipangwe kwa kumbukumbu ya mjomba.

Ndugu walio Ulaya wanasimulia mambo mengine kabisa. Mkongomani anayeishi Hamburg, akitaka kumtembelea dada yake Kopenhagen kwa gari, anajua akiwa jikoni kwake kwamba kivuko cha Puttgarden kwenda Rødby kinachukua dakika 45 na kwamba kikimwacha, kingine kiko nyuma yake. Safari ya mpaka na maji, kama hii ya kwetu, lakini yeye anapanga mchana mmoja. Si kwamba maji ya kule ni mapole. Kule saa ya kuondoka imeandikwa, na mwenye chombo anawajibika.

Kwetu kutowajibika kumehesabiwa kwa maiti. Desemba 2014 boti Mutambala, iliyotoka Kalemie kuelekea Uvira, ilizama usiku ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 120 walikufa. Oktoba 2024 boti Merdi ilipinduka ziwa Kivu mbele ya macho ya watu wa Goma, nayo imejaa. Baada ya kila ajali leta hutangaza koti za kuokolea, orodha ya abiria, marufuku ya safari za usiku. Baada ya miezi michache abiria wanakaa tena juu ya magunia. Mama anayefika bandarini na kuona maji karibu na ukingo wa boti ana haki ya kukataa, hata akiwa amelipa. Lakini atakataa tu kama amebakiza pesa ya kulala siku mbili nyingine. Pesa hiyo ifungwe pembeni tangu Lubumbashi, isiguswe kwa nauli wala kwa zawadi. Na kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unapochafua ziwa, akiba hiyo iwe kubwa zaidi.

Karatasi ni jambo la pili, na kwa waliokimbia ni gumu kuliko pesa. Wengi walitoka mikono mitupu. Kadi ya uchaguzi, ambayo kwa Mkongomani ndiyo kitambulisho, ilibaki ndani ya nyumba iliyoungua. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo yaulizwe kwenye ofisi ya DGM na kwenye konsula za Zambia na Tanzania zilizo hapa mjini, si kwa dereva. Karatasi ya chanjo ya homa ya manjano haina mjadala: anayetoka Kongo ataiombwa, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya sindano. Anayechanjwa asubuhi ya safari ametupa pesa, na anayenunua kadi bila sindano amenunua matatizo.

Watoto ndio wanaosahauliwa. Katika vita familia huchanganyika. Mama anasafiri na wanne, mmoja ni wa marehemu dada yake. Ndani ya Kongo hakuna anayeuliza. Kwenye mpaka wa kigeni mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa wala idhini ya mzazi au mlezi anaweza kumfanya mama huyo aonekane mwizi wa watoto. Karatasi hiyo inatafutwa kwenye komine mapema, wiki kabla, si siku ya basi.

Wanaopitia Mpulungu wakumbuke tena jambo moja la ajabu la jiografia yetu. Njia fupi ya kwenda Mansa na Kasama inatoka Mufulira, inaingia Mokambo, inakata kama kilomita 70 za ardhi ya Kongo na kutokea Chembe, ambako tangu 2008 kuna daraja mahali pa baki ya zamani juu ya Luapula. Mtu anatoka Kongo, anaingia Zambia, anarudi Kongo, anaingia Zambia tena, na kila mara ni muhuri. Asiyetaka mihuri hiyo azunguke kwa Kapiri Mposhi, Serenje na Mpika: mbali zaidi, maswali machache zaidi.

Wa Kigoma nao wajihadhari na saa. Hapa wengi hutaja saa kwa Kifaransa. Kigoma boti ya saa kumi jioni ni ile ya saa 16, na saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja. Familia inaweza kufika gatini ikijiona imewahi, na kuona mgongo wa meli.

Yote haya ni mzigo ambao familia hazikupaswa kuubeba. Mkongomani kuomba ruhusa ya nchi mbili ili afike jimbo jirani na lake ni aibu ya barabara namba 5, wala si kosa la Zambia au Tanzania. Barabara hiyo haitatengenezwa kwa msimu mmoja. Lakini kuna kitu kinachowezekana mwezi huu: wakubwa wa bandari za Kalemie na Moba watume kila wiki kwa redio za Lubumbashi jina la boti, siku yake, na idadi ya abiria inayoruhusiwa kubeba. Redio zitasoma. Na yule ndugu wa Kalemie hatatembea tena hadi bandarini kila asubuhi kuuliza.