Kabla Fundi Hajafomati, Chomoa Waya

Wasee, wacha niseme hii kitu kabla hasira ipoe. Mafundi wengi wa kompyuta huku mtaani hawatafuti ugonjwa. Wanabahatisha, na sisi ndio tunalipia hiyo bahati.

Anti yangu ana saiba ndogo. Mashine nne, printa moja, na foleni ya watu wa KRA, HELB na eCitizen kila asubuhi. Mwezi jana mashine zote zikaanza kukawia kuwaka. Unaweka paswadi, skrini inakaa tu hapo karibu dakika tatu. Mteja haraka zake hazingoji dakika tatu, anavuka barabara kwa saiba ingine.

Fundi akaitwa. Akawasha moja, akaitazama kidogo, akasema: "Mama, hizi diski zimechoka. Tuweke SSD, nifomati zote, zitakuwa mpya." Shilingi 4,500 kila mashine. Jumla 18,000. Anti anachapisha karatasi kwa shilingi 10, kwa hivyo hiyo ni karatasi 1,800, na bado hujatoa wino na stima. Tena kufomati kungeenda na CV na barua zote ambazo wateja wameacha humo.

Nikauliza swali moja tu: boss, diski nne zinachokaje wiki moja? Akaniuliza nimesomea wapi. Enyewe chuo sikumaliza, sifichi. Lakini saa ya simu haiulizi mtu cheti.

Nilichomoa waya wa mtandao kwa mashine moja, nikaizima, nikaiwasha nikihesabu. Sekunde 40, kila kitu kiko kwa skrini. Nikarudisha waya, nikaiwasha tena. Dakika tatu. Mashine ni ile ile, diski ni ile ile. Diski iliyochoka haipati nguvu juu umechomoa waya.

Shida ilikuwa hii. Zamani kulikuwa na mashine ya tano pale kona, ndiyo iliweka folda ya skani, na zingine zote ziliiona kama diski Z. Ilikufa, Anti akaiuza kwa watu wa vyuma. Lakini hakuna mtu aliziambia zile nne. Kila asubuhi zikiwaka zinamtafuta marehemu, zinaita, zinangoja, zinaita tena. Ukichomoa waya, Windows inaona hakuna mtandao kabisa, inaacha kutafuta na kuendelea na kazi. Nilifungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika net use, nikaiona Z imekaa hapo haipatikani. Nikaandika net use Z: /delete. Mashine nne, dakika kumi, shilingi sufuri.

Sasa sikizeni. Sisemi SSD ni uongo. Ukihama kutoka diski ya kuzunguka uende SSD, utaona tofauti, hiyo hakuna mtu anabisha. Ninachokataa ni kuuziwa dawa kabla ya kupimwa. Na kipimo chenyewe ni cha bure: washa mara moja ukiwa na mtandao, mara moja ukiwa umechomoa waya au umezima rauta, na uhesabu. Kama hakuna tofauti, sawa, sasa tushuku diski. Kama tofauti ni kubwa, anayekuambia ununue diski mwambie apumzike.

Angalia pia inakwama wapi. Ikikwama kabla alama ya Windows itokee, skrini nyeusi na maandishi yanayotaja PXE au DHCP, basi kompyuta inajaribu kuwaka kupitia mtandao kabla ya kugusa diski. Ingia BIOS, weka diski iwe ya kwanza. Ikikwama baada ya paswadi, shuku folda kama ile ya Anti, au programu zinazoanza zenyewe na kukimbilia intaneti zote kwa pamoja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tafuta orodha ya zinazoanza na mashine, zima zile huhitaji. Unatumia Linux? Andika systemd-analyze blame, itakuonyesha nani alichukua sekunde ngapi. Ukiona jina lenye wait-online liko juu kabisa, anza uchunguzi hapo. Na kama laptopu ni ya ofisi, usiguse kitu. Ukiwa nyumbani inaweza kuwa inatafuta seva ya kazini, kwa hivyo mwambie mtu wa IT.

Hakuna kitu hapo inahitaji digrii. Kwa nini basi fundi hakujaribu?

Hapa ndipo tunajichoma wenyewe. Yule fundi si mwizi. Anajua vizuri kwamba akimwambia Anti "nipe 500 ya kupima," Anti atasema, "kwani umefanya nini, si umeangalia tu?" Lakini akibadilisha kitu, hata kama hakikuwa kibovu, analipwa bila kelele. Tumewafundisha mafundi kwamba akili haina bei, chuma ndicho kina bei. Halafu tunashangaa tukiuziwa chuma.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa pande mbili. Fundi, kabla useme "tubadilishe," nionyeshe umejuaje. Ukinionyesha, nitakulipa hata kama dawa ni kuandika mstari mmoja. Na wewe mwenye mashine, lipia kupimwa. 500 ya ukweli ni rahisi kuliko 18,000 ya kubahatisha.

Anti alinipa 500 yangu. Alinung'unika, lakini alinipa. Siku hizi saa mbili asubuhi foleni iko kwake.