Wakitafuta wa Kuzungumza, Tujitolee



Juzi kijana mmoja wa jirani alikuja ofisini kwetu hapa Mbagala, tunaposhonea. Yeye na wenzake wanaandika programu za simu, na kila mwezi wanakutana. Kila mkutano hutafutwa mtu wa kujitolea kuzungumza nusu saa. Malipo hakuna, labda soda. "Dada, mwezi ujao njooni mtueleze kazi ya ushonaji inavyokwenda."

Tulicheka mpaka cherehani zikasimama. Elimu yetu kidato cha nne na kozi ya ushonaji, tukaseme nini mbele ya vijana wa chuo?

Akatuonyesha programu anayowatengenezea mafundi. Mteja anachagua mdogo, wa kati au mkubwa, basi. Tukamwuliza: bega liko wapi? Mkono je? Gauni la nikahi litavaliwa na kiatu kirefu au kifupi? Kijana akatoa kalamu. Hapo kicheko kikatuisha.

Maana sisi tunajua hasara ya vipimo. Shaabani iliyopita, harusi zinafuatana kabla ya Ramadhani, mvua ilivuja ikalowesha daftari letu. Vipimo vya biharusi mmoja vikafutika. Naye alikwishawekwa ndani, anasingwa. Ilibidi twende kwao usiku na futi mkononi, tumwombe radhi mama yake, tupime upya. Kosa lilikuwa letu. Lakini programu inayotunza vipimo na kutukumbusha siku ya kujaribisha ingetuokoa aibu ile. Nani atamwambia kijana hayo kama si sisi? Akikisia, atatengeneza kitu kizuri machoni ambacho hakuna fundi atakayekitumia.

Tusidhani pia kwamba mambo haya ni ya watu wengine. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma uliofuata kadi zenye matundu ili kutoa maua kwenye kitambaa. Charles Babbage wa Uingereza akachukua wazo la kadi hizo kwa mashine yake ya hesabu. Mwaka 1843 mwanamke, Ada Lovelace, akachapisha hatua ambazo mashine hiyo ingefuata, na wengi humwita mwandika programu wa kwanza. Hata neno algoriti, yaani hatua zinazofuatana mpaka kazi ikamilike, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Kiislamu wa Baghdad wa karne ya 9. Pima, kata, unga, jaribisha, pinda: sisi tunaziishi hatua hizo kila siku.

Na mabinti zetu wamo. Apps and Girls, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Carolyne Ekyarisiima, inafundisha wasichana kuandika programu. Kijitonyama, kwenye majengo ya COSTECH, ipo Buni Hub, wanakokutana vijana wenye ubunifu. Binti akimwona fundi mwenye hijabu amesimama mbele na watu wanamsikiliza, atajua na yeye ana nafasi.

Wapo watakaosema mwanamke wa Kiislamu hasimami kwenye mkutano wa mchanganyiko. Tunaiheshimu tahadhari hiyo, ndiyo maana tuna masharti yetu. Tunakwenda wawili, kwa ruhusa ya nyumbani. Tunavaa stara. Tunauliza mapema saa ya mkutano, isigongane na swala, na kama pana mahali pa kuswalia. Tunazungumza kazi, tunarudi. Tukumbuke kuwa Bi Shifa binti Abdillah alimfundisha Bi Hafsa, mke wa Mtume (SAW), kuandika. Mwenye ujuzi hakuuficha.

Ukiombwa, usitafute maneno makubwa. Chukua jambo moja linalokusumbua kazini, lieleze tangu mteja anapoingia mlangoni hadi anapoondoka na nguo yake. Beba futi na daftari, waone kwa macho. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, nawe uulize lako. Na wewe biharusi uliyewahi kulia kwa gauni lililochelewa, una la kusema pia: ulitaka uambiwe nini, na siku gani?

Wengine watauliza, kwa nini tutoe nusu saa bure? Kwa sababu programu zitatengenezwa tu, tukiwapo tusiwepo. Zikitengenezwa bila sisi, tutazinunua na hazitatutosha, kama nguo ya kushonewa bila kupimwa.

Sisi tumekubali. Mwezi ujao tunafunga ofisi mapema, tunakwenda wawili, na daftari lile lililolowa tunalo mkobani. Tunaogopa kidogo, hatukatai. Tuombeeni dua, na nanyi mkiitwa, msikatae kabla ya kufikiri.