Somo la Bando si Elimu Bure

Siku hizi hakuna mkutano wa elimu usiosemwa kwamba somo la afya litaingia katika simu na kompyuta. Hatupingi. Mtoto aliyemwona konokono wa kichocho kwenye kioo hufahamu upesi kuliko yule aliyechorewa kwa chaki. Lakini twauliza: nani atakayeliona somo hilo?

Kichocho hakiko Shangani wala Malindi. Kiko mashamba, Chaani, Kinyasini na Uzini, ambako watoto huoga na kufua vijitoni. Mtandao mzuri uko Mjini, na Mjini hakuna vijito! Tukilitundika somo intaneti tukaliacha huko, tutakuwa tunampa dawa asiyeumwa.

Elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar mwaka 1964. Somo ambalo baba hana budi anunue bando ndipo mwanawe alisome, hilo si la bure, hata lipambwe vipi.

Wala picha peke yake haitoshi. Kijitabu cha michoro, Juma na Kichocho, kilipita katika skuli zetu zamani. Katika kazi ya kutokomeza kichocho iliyofanywa Unguja na Pemba kati ya 2011 na 2017, baadhi ya shehia zilifunziwa walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, zikajengewa na mahali pa kufulia. Ndivyo hasa. Mtoto ajuaye habari zote za konokono, akitumwa kufua na bomba halipo, atakwenda kule kule.

Tazameni mpango wa Jamii ni Afya, ulioanza 2019. Wahudumu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba na simu yenye maelezo ya Kiswahili. Simu ile inasikilizwa kwa kuwa yuko mtu aliyekuja nayo, jirani, anayeweza kuulizwa na akajibu.

Twazitaka Wizara za Elimu na Afya ziyatie masomo ndani ya vifaa vya skuli, yafunguke bila ya mtandao. Yawe kwa Kiswahili chetu, na kijito kinachoonyeshwa kiwe cha Kinyasini, si cha nchi ya mbali. Mwalimu afunzwe kwanza, kwani kifaa ni chake kama chaki. Ugawaji uanzie mashamba. Mji utangoja, hautakufa.

Nanyi wanachama wa matawi, nendeni skuli iliyo karibu mkaulize kifaa kiko darasani au kimefungiwa kabatini. Jibu lileteni mkutanoni.