Siku 30 zisigeuze kosa kuwa deni

Makadirio ya VAT yenye makosa yasipopingwa mapema hugeuka deni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mfanyabiashara siku 30 tu kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Tena atangulize theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia, kipi kikubwa zaidi.

Hata hivyo, aliyecheleweshwa na ugonjwa, safari ya nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi anaweza kuomba muda uongezwe. Asiyelijua hilo atalipa deni lisilo lake. Haki hiyo ielezwe kwa Kiswahili chepesi katika kila hati ya makadirio. Nao wafanyabiashara watunze risiti miaka mitano. Pingamizi bila ushahidi ni maneno matupu.